Grace Hopper: Mwalimu wa hisabati aliyeifundisha kompyuta lugha ya makarani

KATIKA ofisi nyingi za mijini yupo kijana mmoja anayejulikana kwa kazi moja tu. Kompyuta ya mhasibu ikiganda, printa ikigoma au programu mpya ya mishahara ikikataa kufunguka, huitwa yeye. Hufika, huinama juu ya kibodi, hubonyeza vitufe viwili vitatu, kisha huenda zake. Mwenye kompyuta hubaki hajui kilichoharibika wala kilichotengenezwa, na wiki ijayo atamwita tena kwa tatizo lile lile.

Hali hiyo ina umri sawa na kompyuta yenyewe. Katika miaka ya 1940, mashine hizo zilipokuwa zikihesabika kwa vidole, watu waliozielewa walikuwa wachache mno, na baadhi yao hawakuona ubaya wa kuendelea kuwa wachache. Aliyeipinga hali hiyo kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mwalimu wa hisabati, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi, aliyeitwa Grace Murray Hopper. Alifariki dunia Januari 1, 1992, akiwa na umri wa miaka 85 na cheo cha admirali katika Jeshi la Wanamaji la Marekani.

Alizaliwa jijini New York Desemba 9, 1906, akiwa mtoto wa kwanza wa Walter Murray, wakala wa bima, na mkewe Mary. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka saba alitaka kujua jinsi saa ya kuamshia inavyofanya kazi. Akaifungua. Vipande vilipomwagika na kushindwa kuvirudisha, alifungua ya pili ili aone ya kwanza ilikuwaje, kisha ya tatu, hadi saa saba za nyumba ile zikawa mezani zimetawanyika. Mama yake hakumchapa. Alimwachia saa moja ya kuchezea, nyingine akazificha.

Baba yake alishikilia kwamba mabinti zake wawili wapate elimu sawa na ya mdogo wao wa kiume, msimamo ambao haukuwa wa kawaida kwa zama zile. Grace alikwama mara moja tu: akiwa na miaka 16 alikataliwa na Chuo cha Vassar kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa duni. Aliingia mwaka uliofuata, 1924, akahitimu hisabati na fizikia mwaka 1928, na mwaka 1934 akatunukiwa shahada ya uzamivu ya hisabati na Chuo Kikuu cha Yale. Wakati huo alikuwa ameolewa na Vincent Hopper, mwalimu mwenzake. Ndoa hiyo haikujaliwa watoto, na waliachana mwaka 1945, ingawa yeye aliendelea na jina la Hopper hadi kufa.

Akiwa mwalimu Vassar alikuwa na tabia iliyowaudhi baadhi ya wanafunzi wake: aliwataka waandike insha katika somo la hisabati. Walipolalamika kwamba hawakuja kujifunza kuandika, aliwajibu kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwingine haina faida. Msomaji akumbuke jambo hilo, kwani kazi zake zote zilizofuata zimetokana nalo.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwishoni mwa mwaka 1941, Hopper aliomba kujiunga na wanamaji. Alikuwa na umri mkubwa kupita askari wapya, na uzito wake ulipungua kilo karibu saba chini ya kiwango kilichowekwa. Hakuchoka kuomba. Alipata kibali maalumu, akaapishwa Desemba 1943 katika jeshi la akiba, na mwaka 1944 akahitimu mafunzo ya uofisa akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alitarajia kupangiwa kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya adui. Badala yake akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali palipokuwa na mashine ambayo hakuwahi kuiona.

Mashine hiyo, Mark I, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha mita mbili na nusu hivi na uzito wa karibu tani tano. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja; kuzidisha kuliichukua sekunde kadhaa. Maelekezo yake yalitobolewa kama matundu kwenye utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa kazi ya usiku kucha huharibika. Mkuu wa kituo, Kamanda Howard Aiken, hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alimwonyesha mgeni wake ile mashine, akampa hesabu ngumu, na kumtaka alete majibu baada ya wiki moja.

Aliyemwokoa Hopper ni kijana Richard Bloch, ofisa mdogo kwake kiumri, aliyekuwa ameifahamu mashine hiyo kabla yake. Bloch na mwenzake Robert Campbell walimfundisha hatua kwa hatua. Hakuna ubishi kwamba Hopper alikuwa na akili nyingi, lakini siku zile alikuwa mfanyakazi mpya aliyekaa kando ya mwenzake na kuuliza maswali, kama karani yeyote anayeletewa mtambo mpya mezani. Hakuisahau nafasi hiyo.

Muda mfupi baadaye Aiken alimwamuru aandike kitabu cha kuifafanua mashine hiyo. Hopper alijitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu. Jibu alilopata ni kwamba sasa yumo katika jeshi. Kitabu hicho, chenye kurasa zaidi ya 500, kilichapishwa mwaka 1946, na ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa duniani vya kumwelekeza mtu namna ya kuitumia kompyuta.

Kazi ya Mark I ilikwenda usiku na mchana: majedwali ya kulengea mizinga, hesabu za meli, na mwaka 1944 hesabu alizoleta mwanahisabati John von Neumann, ambazo baadaye ilijulikana kuwa ni za bomu la atomiki. Katika pilikapilika hizo Hopper, Bloch na Campbell walizoea kuazimana madaftari. Mmoja akishapata maelekezo sahihi ya kukokotoa jambo fulani, wenzake waliyanakili kwa mkono badala ya kuyabuni upya. Tatizo ni kwamba binadamu hunakili vibaya. Herufi hufanana, tarakimu hurukwa, na mashine haisamehi. Hopper aliliona hilo kila siku, na likamkaa kichwani.

Hapa ndipo kinapokuja kisa kilichompa umaarufu mkubwa kuliko vingine, na ambacho husimuliwa visivyo. Septemba 9, 1947, mafundi waliokuwa wakiijaribu mashine iliyofuata, Mark II, walikuta nondo amenaswa katika swichi mojawapo. Walimtoa, wakambandika kwa gundi ya karatasi katika daftari la kumbukumbu, na kuandika kwa mzaha kwamba ndiye mdudu wa kwanza kupatikana kwa hakika. Tangu hapo watu wengi wameamini kwamba Hopper ndiye aliyemkuta nondo huyo, na kwamba neno la Kiingereza la mdudu likaanza siku hiyo kuwa na maana ya hitilafu ya mtambo.

Yote mawili si kweli. Si yeye aliyemkuta, na mafundi walikuwa wakiziita hitilafu wadudu tangu enzi za Thomas Edison, katika karne ya 19. Mzaha wenyewe usingechekesha kama neno hilo lisingekuwa limezoeleka. Alichofanya Hopper ni kukisimulia kisa hicho kwa miaka 40 kwenye kumbi na madarasa, kwa sababu kilimsaidia kueleza jambo gumu kwa watu wasio wataalamu: kwamba mashine ikikataa kazi, sababu ipo na inaweza kutafutwa. Daftari hilo limehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani, nondo akiwa bado amebandikwa.

Miaka iliyofuatia vita haikuwa mizuri kwake. Ndoa ilikuwa imevunjika, Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa ajili yake, na pombe ilianza kumtawala. Wasifu mwingi hulikwepa jambo hili, pengine kwa heshima. Lakini waliokuwa karibu naye waliliona, na wapo waliothubutu kumweleza waziwazi. Mwaka 1949 aliondoka Harvard, akahamia Philadelphia kufanya kazi katika kampuni changa ya J. Presper Eckert na John Mauchly, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya biashara, UNIVAC. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand mwaka 1950.

Huko ndiko alikokutana na hesabu za msingi wa nane, ambazo mashine mojawapo ya kampuni ilizitumia badala ya za msingi wa kumi. Hopper alijifunza kujumlisha na kutoa kwa mtindo huo hadi ukawa kama pumzi yake. Kisha akagundua kwamba hesabu za akaunti yake ya benki hazikubaliani na za benki yenyewe. Baada ya kuhangaika alimwita mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mtu wa benki, ambaye baada ya kupekua aligundua kwamba dada yake alikuwa akitoa fedha zake mara kwa msingi wa kumi, mara kwa msingi wa nane. Wengine wangecheka na kusahau. Yeye alijiuliza kwa nini binadamu alazimike kuwaza kama mashine, ilhali mashine ingeweza kufundishwa kuwafuata binadamu.

Akarudi kwenye yale madaftari ya Harvard. Alikusanya vipande vya maelekezo vilivyokwisha kuthibitika kuwa sahihi, akaviweka katika utepe na kukipa kila kimoja namba. Halafu akaandika programu ambayo, ikipewa orodha ya namba, huvitafuta vipande hivyo yenyewe, ikavinakili bila kukosea na kuviunganisha kuwa kazi moja. Programu hiyo, A-0, ilikuwa tayari kufikia mwaka 1952. Aliiita kompaila, jina linalotumika hadi leo ingawa kompaila za sasa hufanya mengi zaidi ya kukusanya vipande.

Ungedhani wenzake wangeshangilia. La hasha. Aliambiwa kwamba kompyuta hufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Alikuwa nayo, inafanya kazi, na hawakutaka kuigusa. Upinzani huo haukuwa wa ujinga mtupu. Waliojua kuzungumza na mashine kwa namba walikuwa na kazi nzuri na heshima, na mtu anayetaka kuirahisisha kazi hiyo hakosi kuonekana anawanyang'anya wengine mkate. Pia muda wa mashine ulikuwa ghali kuliko mshahara wa binadamu, hivyo kuitumia mashine ili kumpunguzia mtu kazi kulionekana kuwa anasa.

Hopper hakugombana nao kwa nadharia. Alizunguka, akaonyesha, akafundisha. Toleo lililofuata, A-2, mwaka 1953 lilipelekwa kwa wateja pamoja na maandishi yake ya ndani, nao wakaombwa wayapitie na kurudisha masahihisho. Waliokuwa wakiitumia UNIVAC ofisini wakawa washiriki wa kuitengeneza.

Kutokana na kukaa na wateja hao alibaini jambo ambalo wanahisabati wenzake hawakulijali. Wapo watu wanaopenda alama, na wapo wanaozikimbia. Mhandisi hufurahia kuona herufi na vinyume vyake. Karani wa mishahara, mtunza bohari na ofisa wa bima hawataki. Hao hufikiri kwa maneno. Kwa hiyo Hopper akapendekeza lugha ambayo mtu ataiandikia mashine kwa maneno ya kawaida, kwa mfano aitake itoe kodi katika mshahara, nayo itekeleze.

Ili kuwashawishi wakuu wa kampuni, yeye na wasaidizi wake waliandaa programu ndogo ya maneno ya Kiingereza. Kisha, ili kuthibitisha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, wakaibadilisha iwe ya Kifaransa, na baadaye Kijerumani. Maonyesho hayo nusura yaharibu kila kitu. Wakuu walistushwa na wazo kwamba kompyuta ya Marekani, iliyotengenezwa Pennsylvania, inaelewa Kifaransa na Kijerumani. Ikabidi wahusika waahidi kubaki na Kiingereza peke yake.

Mtu wa Afrika Mashariki hawezi kukisoma kisa hicho bila kutabasamu. Ilichukua hadi Desemba 2004 ndipo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi ambazo menyu zake ziliandikwa kwa Kiswahili. Hopper alikuwa amekwisha kuonyesha nusu karne kabla kwamba kikwazo hakikuwa ndani ya mashine.

Lugha yake iliitwa FLOW-MATIC, na ilikuwa ikitumiwa na wateja wa UNIVAC kabla ya muongo wa 1950 kumalizika. Lakini kila kampuni ilikuwa na mashine yake na namna yake, na mfanyakazi aliyehama ofisi alianza kujifunza upya. Mwezi Mei 1959 watu wapatao 40, kutoka serikalini na viwandani, walikutana katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani kutafuta lugha moja ya biashara. Iliyotoka ni COBOL. Hopper huitwa mama wa lugha hiyo, na hapo pia ukweli una tofauti kidogo. Ilibuniwa na kamati, na Jean Sammet pamoja na wenzake ndio waliokesha wakiiandika. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa. Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa katika kompyuta za kampuni mbili zinazoshindana, na ikafanya kazi kwenye zote mbili.

COBOL haikukosa maadui. Mwanasayansi Mholanzi Edsger Dijkstra aliishambulia mwaka 1975 kwa maneno makali, akidai kwamba inalemaza akili za wanaojifunza. Ni kweli kwamba ni lugha ya maneno mengi, na wanaoijua vizuri hukiri kwamba kusomeka kama Kiingereza hakumfanyi karani awe mtaalamu wa programu. Hopper alitumaini mengi kupita kiasi katika hilo. Hata hivyo mabenki, mashirika ya bima na serikali viliikumbatia, na sehemu kubwa ya hesabu za fedha duniani ikaandikwa kwa lugha hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1966 wanamaji walimstaafisha kwa sababu ya umri. Baada ya miezi saba walimwita arudi kwa muda wa miezi sita, kwani kompyuta za jeshi zilizonunuliwa kwa makampuni tofauti zilikuwa hazisikilizani, na kila moja ilikuwa na COBOL yake. Miezi sita hiyo iligeuka kuwa miaka 19. Alitengeneza programu za kupima kama COBOL ya kila muuzaji inafuata kanuni, na akawafunza vijana wa jeshi kuzitumia.

Ofisini kwake palitundikwa saa ya ukutani ambayo mishale yake ilirudi kinyumenyume. Ilionyesha wakati sahihi kabisa. Mgeni alihitaji siku moja mbili tu kuizoea. Ilikuwa ni jibu lake kwa kila ofisa aliyekataa mtambo mpya kwa hoja kwamba kazi hufanywa hivi tangu zamani.

Katika mihadhara alibeba vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi na kuwagawia wasikilizaji. Urefu huo ndio mwendo wa juu ambao umeme unaweza kusafiri kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Majenerali waliouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa walipewa waya na kuombwa wahesabu ni vipande vingapi vitajaa kati yao na setilaiti. Kwa mikrosekunde alibeba bunda la waya la karibu mita 300, ili waandishi wa programu waone kile wanachokitupa wanapoipotezea mashine muda. Mwaka 1986 aliufikisha waya huo katika kipindi cha televisheni cha David Letterman, na nchi nzima ikacheka huku ikijifunza.

Vyeo vilimfuata uzeeni: kapteni mwaka 1973, komodoo mwaka 1983, na mwaka 1985 cheo hicho kikabadilishwa jina kuwa cha admirali wa ngazi ya chini. Agosti 14, 1986, akiwa na miaka 79 na ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo, alistaafishwa kwa sherehe juu ya meli kongwe ya USS Constitution mjini Boston. Hakupumzika. Aliajiriwa na kampuni ya Digital kama mshauri, akaendelea kusafiri na waya wake hadi nguvu zilipomwishia. Alipoulizwa ni kazi gani anayojivunia, hakuitaja kompaila wala COBOL kwanza. Aliwataja vijana aliowafundisha.

Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, Virginia. Manowari iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka 1997, na Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 2016, miaka 24 baada ya kifo chake.

Aprili 2020, janga la Uviko-19 lilipowaacha mamilioni ya Wamarekani bila kazi, mifumo ya kulipa mafao ya jimbo la New Jersey ilielemewa na maombi. Gavana wa jimbo hilo alisimama mbele ya waandishi wa habari na kuwaomba wanaoijua COBOL wajitokeze kusaidia. Wengi wa waliokuwa wakiijua walikuwa wazee, wamekwisha kustaafu.